Kwapa la Dubu

Haki ya Mungu, haya nitakayoyasema ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Mke wangu Lempi yupo, kamuulizeni. Au basi, msimuulize Lempi. Niulizeni mimi mwenyewe.

Hivyohivyo ndivyo nilivyoanza pale mgahawani kwa Hilja, Jumatatu ya kwanza ya mwaka, mikono yangu yote miwili imefungwa bendeji hadi nikawa nanywa kahawa kwa mrija kama mgonjwa wa meno. Kwa Hilja ndipo tunapokusanywa na baridi sisi wastaafu wa mji huu wa Pelto, maana nyumbani wake zetu wametuchoka na kanisani mchungaji naye katuchoka. Mbele yangu alikaa Onni Rautio, aliyepeleka barua maisha yake yote na kuzisoma kadi za watu njiani.

"Arvid," akasema, "mikono imefanya nini? Lempi kakufumania unaiba sukari?"

"Mikono hii imeshikana na mauti, Onni."

"Na mauti yakaiachia! Basi yaliinusa kwanza."

"Mwache aseme, Onni," Hilja akadakia kutoka jikoni. "Akidanganya tutajua. Masikio yake huwa yanacheza."

Nikavuta kofia ikafunika masikio, nikasimulia.

Mnaonijua mnavijua vidole vyangu. Nimekata miti kwa msumeno wa mota tangu sijaota ndevu, na msumeno ule ukitetemeka mikononi mwa mtu umri mzima, unamharibia mishipa. Siku ya baridi vidole vinageuka vyeupe kama mishumaa, kimoja baada ya kingine, kuanzia kile cha mwisho. Wala haviumi. Ubaya wake ndio huo. Vinaondoka tu. Unaviona vipo palepale, lakini ni vya mtu mwingine, amekuachia umshikie. Msimu wa majani kuanguka daktari alinishika mkono, akaugeuza huku na huku, akasema vikiganda tena vizuri hatakuwa na la kufanya ila kuvikata. Alisema bila kuinua macho, kama mtu anayepogolea mti wa matofaa.

Basi shemeji yangu Tauno, kaka yake Lempi, akaja kula kwetu, na katikati ya supu akaniambia, "Shemeji, chukua upinde wa mtambo, ule wa kufyatua kama bunduki. Unakaa nao kwenye kibanda chenye jiko. Una haki ya kibali cha walemavu."

Neno hilo. Mezani pangu, mbele ya mke wangu.

Nikamwambia upinde wa mtambo ni silaha ya madaktari wa meno kutoka mjini, na yeye Tauno, na mkewe angekuwa hai, na paka wake. Akainuka, akavaa kofia, akamshukuru Lempi kwa supu, akaondoka. Tangu siku ile hatukusemezana. Tukikutana duka la ushirika, mmoja wetu anaanza kusoma maandishi ya nyuma ya paketi ya unga, na mwingine anasoma ya nyuma ya sabuni. Nimejifunza mengi kuhusu sabuni.

Sasa mtu akishagombana na shemeji yake kwa ajili ya upinde, hana budi autumie upinde wake mwenyewe, ule wa mti wa kuvuta kwa mkono. Msimu wa kuwinda ulikuwa unafungwa. Nisipoingia msituni, mwaka mzima Tauno atakuwa ameshinda bila kufungua mdomo.

Watu wana mbinu zao za kupasha mikono. Kuna vijifuko vya dawa unavitikisa vinapata moto. Kuna glavu za betri, bei yake unanunua ndama. Mimi nina mbinu ya babu yangu, aliyechimba shaba hapa hapa: pasti, ule mkate uliookwa na nyama ndani. Wachimbaji walishuka shimoni na pasti ya moto kifuani, asubuhi jiko, mchana chakula. Lempi alinioka mbili, nzito kama matofali, nyama, viazi na vitunguu ndani, ukoko umekunjwa pembeni kama pindo la shuka. Alidhani ni za kula. Nikazifunga kwa karatasi ya bati na gazeti, nikazisukumia ndani ya mfuko wa mikono, ule wa manyoya unaofungwa kiunoni, mkono unaingia huku na mwingine kule. Nikachukua upinde wangu wa mti, nikaenda.

Baridi ya siku ile! Miti ilikuwa inapasuka kwa mlio wa bunduki. Nikitema mate, yanagonga chini. Onni akasema hapana, nikamwambia basi hayakugonga, yaliteleza. Nikapanda msonobari wangu, nikakaa kwenye kiti cha wawindaji, nikajifunga mkanda wa usalama, kulabu nyuma ya mabega, kamba imezunguka shina. Mikono ikaingia mfukoni na glavu zake nyembamba, na pasti zikaipokea. Nawaambia kweli, vidole vilirudi vyekundu kama vya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikakaa pale juu nikimcheka Tauno kimoyomoyo.

Mchana ulipoanza kulegea, kulungu akatoka. Dume, pembe kama kiti kilichopinduliwa. Akaja polepole, akisimama, akinusa vitunguu asivyojua vimetoka wapi. Nikainama mbele nipate kumwona vizuri. Na nilipoinama, mfuko ukabanwa kati ya tumbo langu na magoti. Tumbo langu mnaliona.

Pasti zikapasuka.

Kwanza ilikuwa raha. Mchuzi wa moto ukaingia kwenye glavu mpaka katikati ya vidole, na mafuta, na kiazi. Ningebaki hivyo ningekuwa mfalme. Lakini kulungu alikuwa amegeuza ubavu, na mimi nikatoa mikono nje.

Mmewahi kutoka bafuni na nywele mbichi siku ya theluji? Basi ni hivyo, ila ni vidole. Glavu zilikakamaa kwa mlio. Nikaweka vidole vitatu kwenye ugwe wa upinde, nikavuta, nikaachia. Glavu haikuachia. Ilikuwa imegandana na ugwe pamoja na mkia wa mshale, ikanichomoka mkononi, na mshale ukaondoka na glavu yangu nyuma yake kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Ukampita kulungu juu ya mgongo. Kulungu akageuka, akaiendea ile glavu, akala viazi vyote, akanitazama kwa heshima, akaenda zake.

Hapo kwa Hilja walicheka mpaka Onni akakohoa. Mimi sikucheka nao. Wao walikuwa mgahawani, mimi nilikuwa bado juu ya mti.

Maana nilipoinua mkono wa kulia nifungue kulabu nishuke, mkono ulifika, lakini vidole havikufika. Vilikuwa vyeupe mpaka kiganjani. Nikavigonga kwenye shina nivisikie, nikasikia mlio wa ubao. Nikavua glavu ya kushoto kwa meno, ilikuwa gamba la barafu, na vile vya kushoto navyo vilishaondoka. Ile kulabu ina kishikizo cha kuzungusha. Mtoto anakizungusha. Mimi nilikisukuma kwa vifundo, nikakisukuma kwa kiwiko, kipo nyuma ya bega, sikioni, hata meno hayafiki.

Simu ilikuwa mfuko wa ndani, chini ya koti, na koti lilikuwa na zipu. Nikaing'ata zipu. Ikashuka kidogo, ikauma kitambaa, ikakwama. Nikajaribu kupitisha mkono shingoni nifike kwapani, mahali pa mwisho penye moto kwenye mwili wa mtu, lakini nilikuwa nimevaa sweta juu ya sweta kwa usia wa Lempi, na mkono usio na vidole hauwezi kupenya. Nikazungusha mikono hewani kama tulivyokuwa tukifanya kambini kwenye kukata miti, damu irushwe mbele. Nikaugonga upinde wangu, ukaanguka. Niliusikia ukitua kwenye theluji. Ulitoa sauti ndogo sana.

Nikasema basi, nitajichomoa kwenye mkanda kama mtu anavyovua suruali. Nikasimama juu ya kiti, nikanyanyua mguu mmoja. Kiti kilikuwa na barafu.

Mkanda wa usalama ukafanya kazi yake. Nikawa naning'inia.

Jamani, kuning'inia si mchezo. Mikanda inapita mapajani, inakaza, na baada ya muda miguu nayo inaanza kuondoka kufuata vidole. Ningeweza kuligusa shina kwa ncha ya kiatu tu. Theluji ikaanza kuanguka, ile laini isiyo na haraka, ikafunika nyayo zangu chini moja baada ya nyingine, nikiziangalia. Jua likawa rangi ya chai nyuma ya misonobari. Nikamfikiria Lempi. Nikajua kabisa anachofikiri: Arvid kachelewa, yuko kwa Hilja anadanganya watu. Kila siku nikichelewa ndiko ninakokuwa. Hilo liliniogopesha kuliko baridi. Hakuna atakayekuja, kwa sababu hakuna atakayeshangaa.

Nikaanza kusema na vidole. Niliviambia, msiondoke, ninyi ndio mliofunga kamba za viatu vya binti zangu, ninyi ndio mliomsuka Lempi nywele alipovunjika mkono, nisameheni ule msumeno, nisameheni na pasti. Hakuna kilichojibu. Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana, halafu mtetemeko ukaacha. Ukaacha wenyewe. Joto likaniingia taratibu kifuani, zuri, kama la mtu aliyekaa karibu na jiko. Kila mkata miti anajua joto hilo ni la nani na linakuja kuchukua nini. Nikalia. Machozi yakaganda kope, jicho moja likafunga.

"Uliita watu?" Hilja akauliza. Alikuwa ameacha kufuta meza.

"Nimwite nani? Kule kuna miti tu," nikamwambia. "Sikuita mtu."

Nikashusha kofia zaidi.

Na hapo, nikawaambia, ndipo mkanda ulipokatika kwa baridi, kama tambi kavu. Nikaanguka, nikapita kwenye theluji, nikapita kwenye matawi yaliyokuwa chini ya theluji, nikapita kwenye paa la shimo lililokuwa chini ya mizizi, nikatua juu ya kitu kikubwa, chenye manyoya, kinachokoroma.

"Dubu," akasema Onni.

"Dubu. Kalala usingizi wake wa baridi, moto kama tanuri. Ningefanya nini? Nikasukuma mikono yangu kwapani kwake."

"Dubu ana kwapa?"

"Asipokuwa nalo, mkono kaushikiza wapi?"

"Na akakuacha?"

"Alifungua jicho moja. Akanung'unika. Akanikumbatia, Onni, kwa mikono yote miwili, akanibana kifuani, nikausikia moyo wake unapiga taratibu kama mtu anayepigilia uzio. Halafu damu ikarudi vidoleni. Mnajua damu ikirudi? Ni misumari, inaingilia kwenye kucha na kutokea kwenye kiwiko. Nilipiga kelele, nikamng'ata bega. Dubu wa watu wala hakunitupa. Alininyamazisha tu. Aliguna 'shh' kama mtu na ng'ombe anayezaa, na kila nilipotaka kuchomoa mikono, alibana makwapa."

Watu walikuwa wameinama mbele juu ya vikombe vyao. Nilikuwa nao kiganjani, wote. Nilikuwa natafuta namna ya kumtoa dubu shimoni anipeleke hospitali, ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Huyo dubu alikuwa amevaa fulana?"

Tauno alikuwa amesimama pale na theluji mabegani, kofia mkononi. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Watu wote wakatazama vikombe vyao, maana mji mzima unajua kwamba mimi na yeye hatusemezani.

"Karibu, Tauno," akasema Hilja. "Arvid anatusimulia habari ya dubu."

"Nimesikia. Ningependa kujua fulana yake ilikuwa ya rangi gani."

"Dubu havai fulana," nikasema. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake siku ile, na kusema kweli sikuyapanga vizuri.

Akaja akakaa kwenye meza yetu. Ni mtu mkubwa, Tauno, kiti kililia. Akatoa leso mfukoni, akaifungua juu ya meza polepole. Ndani mlikuwa na kipande cha karoti, kimekauka, kimejikunja.

"Nimevua fulana ya sufu jana niifue," akasema. "Hiki kikadondoka. Kilikuwa kwapani."

Hilja akaweka birika chini. Hapa Pelto pasti ni nyama, viazi, vitunguu na figili ya manjano, basi. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama zetu. Kuna mwanamke mmoja tu katika wilaya yote anayetia karoti, na suala hilo lilishawahi kufika kwenye kikao cha akina mama wa kanisa.

"Lempi," akasema Hilja.

"Karoti ya Lempi," akasema Onni, anaigusa kwa kijiko kama ushahidi wa mahakamani. "Kwenye kwapa la dubu. Arvid, vua kofia tuone masikio."

Sikuvua. Tauno akasukumiwa kahawa, akaikoroga.

"Sema wewe basi," Hilja akamwambia. "Huyu tumemsikia."

"Hakuna cha kusema. Nilimkuta ananing'inia kama suruali kwenye kamba. Nikakata mkanda. Vidole vyake vilikuwa kama vya sanamu. Nikafungua koti, nikaviweka kwapani, tukakaa kwenye theluji mpaka akaanza kunitukana. Alipofika kwenye matusi ya bibi yangu nikajua atapona. Nikambeba mpaka kwenye pikapu."

"Ulimng'ata, Arvid?" Onni akaniuliza.

"Dubu ana alama," akasema Tauno.

"Na ulijuaje kwamba yuko kule?" Hilja akamuuliza. "Hali Lempi mwenyewe alidhani yuko hapa?"

Tauno aliendelea kukoroga kahawa isiyo na sukari. Nyumba yake iko nyuma ya kile kilima, ng'ambo ya msonobari wangu. Alikuwa uani anapasua kuni. Alichokisikia anakijua yeye, na mimi ninakijua: mzee anayemwita yeye, Tauno, Tauno, Tauno, kama ndama anavyoita, mpaka sauti ikakatika. Si Lempi. Si Mungu. Kichwa changu kiliyapita majina yote kikafika kwenye lile nililoapa sitalitamka tena.

"Niliona nyayo," akasema.

Nyayo hazikuwepo, zilishafukiwa. Akanywa kahawa. Hakunitazama.

Hapo nilitamani anitukane. Tulipokwenda hospitali sikumwambia asante. Nilitazama dirishani njia nzima, mikono juu ya magoti kama mizigo ya mtu mwingine, naye aliendesha. Siku tatu daktari alizunguka kitanda, macho yake yakiwa kama mkasi. Vidole tisa vimebaki vizima. Cha mwisho cha kushoto walikipunguza ncha, na mimi nikaja kwa Hilja kumpa sifa dubu.

Onni, bila shaka, alitaka adhabu. "Alipe! Kahawa ya mgahawa mzima mpaka Pasaka!"

"Aliyetukanwa si wewe," Hilja akamkatiza. "Tauno ndiye aliyeitwa mnyama. Tauno, unataka nini?"

Shemeji akafikiri. Akaikunja leso yake na karoti yake.

"Bendeji zinatoka lini?" akaniuliza.

"Jumamosi."

"Basi Jumamosi. Sauna kwangu. Utawasha moto wewe, utachota maji wewe. Na utanisugua mgongo."

Onni alipiga meza. Hilja akageuka dirishani, mabega yanamtikisika. Mgongo wa Tauno! Kuna ng'ombe wana mgongo mdogo kuliko ule, na nywele chache zaidi.

"Vidole vyangu bado vibichi," nikasema.

"Daktari kasema vinahitaji joto," akasema Tauno. "Nilikuwepo."

Jumamosi nikaenda. Nilibeba kuni kwa mikono ya kukumbatia, maana viganja bado vilikuwa laini kama nyama ya samaki. Nikawasha, nikachota, nikangoja mawe ya jiko yapate moto, maana kwenye sauna watu huoga kwa mvuke. Tauno akaingia, akakaa ubao wa chini, akanigeuzia mgongo. Begani ilikuwepo alama ya meno yangu, ya juu na ya chini, imeanza kuwa ya kijani.

Nikachukua sabuni. Vidole vilikuwa vinawasha kwa joto, vyote, hata ile ncha isiyokuwepo. Nikasugua. Nikasugua kuzunguka ile alama, nikaipita, nikarudi, na koo langu likawa linajaribu kutoa neno moja lisilo gumu kwa watu wengine.

"Asante, shemeji," nikasema. Nilisema kwenye sabuni zaidi kuliko kwake.

Akamwaga maji kwenye mawe, mvuke ukatufunika.

"Chini zaidi," akasema. "Kushoto. Na ukifika kwapani tazama vizuri, nadhani kuna kiazi."